Mguu bandia wa mtoto una masharti

Ndugu Mhariri,

Mtoto aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa asiachiwe magongo tu. Kidonda kikishapona, kigutu kifungwe bandeji ya mpira, ikaze zaidi nchani na kulegea kuelekea juu. Ukikaza juu, uvimbe unashuka chini. Kwa joto letu la Mtwara, kigutu kioshwe kila jioni na soksi ya kigutu ibadilishwe kila siku, hata mara mbili. Wekundu usiotoka dakika 10 baada ya kuvua mguu bandia maana yake soketi, yaani kikombe cha mguu bandia kinamoingia kigutu, inabana: arudi kwa fundi. Anakua huyu, soketi ya mwaka jana haimtoshi.

Vijana waliopitia haya waitwe wodini wawafundishe wenzao kuvaa mguu bandia. Husikilizwa kuliko sisi.

Na goti la mtoto linalovimba na kuuma usiku lisichuliwe, lipigwe eksirei haraka, huenda ni saratani hii.

Watengeneza viungo bandia,
Mtwara