Ile picha ya Mombasa si ya Wareno

Ndugu Mhariri,

Wiki ilopita mlitoa picha ya zamani ya Mombasa, chini yake mkaandika "Mombasa ilivyochorwa na Wareno". Mimi ni fundi wa fremu hapa Langoni, Amu, na picha hio imepita mkononi mwangu mara tatu kwa wenyewe tofauti, naijua mpaka mgongo wake. Habari za pwani yetu zilipitia kwa Wareno, hilo sibishi, manake wao ndo walokuwa wakizunguka bahari hii, lakini picha yenyewe ilichapwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1572, ndani ya juzuu ya kwanza ya Civitates Orbis Terrarum, vitabu vya picha za miji ya dunia. Georg Braun, padri wa huko huko, ndie aliyesimamia maelezo, Frans Hogenberg akachonga mabamba ya shaba ya kuchapia picha, na kazi ikaendelea mpaka juzuu ya sita, 1617. Sasa watu wamefanya kazi miaka yote hio alafu jina lao halitajwi!

Tena mliyotoa ni kipande. Karatasi nzima ina miji minne, Aden imekaa juu peke yake, chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala ya Msumbiji zimepangwa mstari mmoja. (Sisi Waamu hatumo, na Malindi pia haimo, pamoja na kumpokea Vasco da Gama 1498.) Wauzaji wengine huikata kwa mkasi wakauza kila mji mbali, faida mara nne. Mji mmoja nilioletewa ulikuwa umekatwa hivyo, nikaugeuza nyuma nikakuta maandishi ya Kilatini yameishia katikati ya neno, nikasikitika kama nimeona mlango wa kuchonga umepasuliwa kuni.

Picha ya pili aliniletea kijana wa hapa hapa mtaani, kainunua kwa pesa nzuri tu, kaambiwa ni ya miaka mia nne na zaidi. Nikachukua kioo cha kukuzia nikamwambia hebu tazama hapa kwenye bahari. Vidoadoa vitupu, vyekundu, bluu, njano, kama picha ya kalenda. Ilikuwa kopi. Kijana alinyamaza kimya, na fremu hakutaka tena.

Ya tatu ndo ilikuwa yenyewe, ililetwa na mzee mmoja mgeni mwenye nyumba Shela. Hio ukipitisha kidole taratibu kwenye ukingo wasikia karatasi imebonyea pande zote nne, ni alama ya bamba la shaba lilivyokandamizwa kwenye mashine, na ukiielekeza dirishani waona mistari ya ile nyavu waliyotengenezea karatasi. Mimi nachonga mbao tangu utoto nikadhani najua kuchonga, kumbe hawa wenzetu kazi yao ni kinyume kabisa na yetu. Sisi twachimba ili ua lisimame juu, wao mfereji uliochimbwa ndo unaobeba wino, bamba lapakwa lote alafu lafutwa, wino ubaki mferejini tu, karatasi inalowanishwa kidogo ili iweze kuunyonya. Na kila kitu chachongwa kinyume kama kwenye kioo, kushoto kuwe kulia, hata herufi, ukikosea kwenye shaba huna pa kukimbilia isipokuwa kuparuza na kugonga upya.

Kuna jambo moja lilinichekesha. Braun aliandika kwamba wametia picha za watu mbele ya miji ili Waturuki wasiweze kuvitumia vitabu hivyo vitani, kwa kuwa dini yao imekataza picha za watu. Nilipomsomea mjomba wangu alicheka mpaka akakohoa, akauliza kwani jeshi zima lingefumba macho?

Na jina la mchapishaji si pambo bwana mhariri. Mabamba yale yale yalikuja kuuzwa Amsterdam, Jansson, mchapishaji wa huko, akayachapa tena kwenye vitabu vyake mwaka 1657, kwahivyo mtu aweza kukuuzia ya Jansson akakwambia ni ya 1572, na sura ya mji ni ile ile. Ndo maana twaangalia maandishi ya nyuma, karatasi, na jina.

Basi mkitoa tena andikeni tu chini: Braun na Hogenberg, Cologne, 1572. Na huyo alowapa picha, kama anayo karatasi yenyewe na si skani ya mtandaoni, aje nayo Langoni niipitishe kidole, bei ya fremu tutaelewana.

Fundi wa fremu,
Langoni, Lamu