Orodha ya basari ibandikwe palipobandikwa Fomu 35A

Mhariri,

Uchaguzi mdogo wa ubunge wa Mbeere Kaskazini, Kaunti ya Embu, uliofanyika Novemba 27, 2025 umeandikwa kama pigano la wanaume wawili wasiokuwa hata kwenye karatasi ya kura: Naibu Rais Kithure Kindiki na mtangulizi wake, Rigathi Gachagua. Waliompigia debe huyu na yule wameshaondoka. Tuliobaki ni sisi wakazi wa wadi za Nthawa, Muminji na Evurore, na kuna jambo linalotukosesha usingizi.

Leo Wa Muthende wa chama cha UDA alitangazwa mshindi kwa kura 15,802. Newton Kariuki wa chama cha DP alipata 15,308. Wametenganishwa na kura 494 tu.

Baada ya matokeo kutangazwa nilipita katika shule ya msingi iliyo karibu nasi. Fomu 35A, ile ya matokeo ya kituo cha kura, ilikuwa ingali mlangoni pa darasa, sahihi za mawakala zikionekana wazi. Watu walikuwa wameizunguka, mmoja akifuatisha tarakimu kwa kidole na kuwasomea wengine. Mama mmoja akauliza, "Sasa basari tutapata kweli?" Hakuna aliyemjibu.

Swali lake ni la haki kabisa. Fomu ile ni kinga yetu dhidi ya wizi wa kura, na sitaki mtu yeyote aiondoe mlangoni. Lakini kituo kimoja mara nyingi huhudumia vijiji viwili vitatu, kwa hiyo ukiisoma unajua mara moja upepo wa pale ulivuma upande gani. Kura ya mtu ni siri. Ya kijiji si siri tena. Anayetaka kulipiza kisasi ana ramani tayari, na njia rahisi ya kulipiza ni fedha za NG-CDF, hazina ya serikali ya maendeleo ya eneo bunge: basari za karo, madarasa, visima. Ofisi ya mbunge ina usemi kuhusu nani anaingia kwenye kamati ya hazina hiyo, na mzazi anayenyimwa haambiwi sababu. Anaambiwa pesa zimekwisha.

Simshtaki mbunge mpya. Hajakaa kitini muda wa kutosha kulaumiwa, na namtakia heri. Ninachotaka ni aanze kwa kutuondolea hofu hii, naye anaweza kufanya hivyo bila kungoja sheria mpya. Orodha ya basari ibandikwe kwenye mlango ule ule: kijiji, shule, kidato na kiasi kilichotolewa. Majina ya watoto yasiandikwe, maana umaskini wa mtoto si wa kutangazwa sokoni. Mkazi yeyote atalinganisha vijiji mwenyewe, na mbunge atakuwa amejikinga na uvumi kuliko hotuba yoyote ingemkinga. Miradi ya barabara na umeme tuliyoahidiwa kwenye kampeni nayo iorodheshwe hivyo hivyo, wadi kwa wadi.

Nawasihi pia wenzangu walioshindwa. Nimesikia wengine wakisema hawatakanyaga kwenye mikutano ya wadi hadi 2027. Huko ni kumwachia mwingine aamue kisima kichimbwe wapi, halafu tulalamike kwamba tumesahauliwa.

Tumekwisha kupoteza muda mwingi. Kiti kilikuwa wazi tangu mbunge wetu wa awali, Geoffrey Ruku, alipoingia Baraza la Mawaziri Aprili 2025. Katiba inataka uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90, lakini tume ya uchaguzi, IEBC, haikuwa na makamishna hadi Julai. Wenzetu wa eneo bunge la Banissa walikaa bila mbunge zaidi ya miaka miwili. Muhula uliobaki ni mfupi, na uchaguzi mkuu ni Agosti 2027.

Shule zinafunguliwa Januari. Wapo wazazi huku waliouza ndengu zote za msimu na bado karo haijatosha. Naomba ofisi ya NG-CDF ya Mbeere Kaskazini itoe orodha ya kwanza kabla watoto hawajaripoti shuleni.

Mzazi na mkulima,
Wadi ya Evurore, Kaunti ya Embu