Waliomaliza vifungo watuambie walikowaacha ndugu zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie watu ambao sina njia nyingine ya kuwafikia: wale walioshiriki mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994, wakahukumiwa, na ambao sasa wanamaliza vifungo na kurejea vijijini.

Sheria ya mwaka 2004 ya Gacaca, yaani mahakama za kijamii zilizosikiliza kesi za mauaji hayo vijijini, ilimtaka anayekiri aeleze alitenda nini, wapi, akiwa na nani, na miili ilitupwa wapi. Mahakama hizo zilifungwa mwaka 2012 baada ya kusikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili, na ni haki kusema kwamba kutokana na maungamo hayo wengi walipata kuwazika wazazi wao. Lakini wako waliotaja washirika waliokwisha kufa tu, wakapunguziwa adhabu, na yaliyobaki wakakaa nayo. Mwaka 2018 makaburi ya halaiki yaligunduliwa wilayani Gasabo, na miaka michache baadaye miili mingine ikafukuliwa chini ya nyumba za watu huko Huye. Haiingii akilini kwamba hakuna aliyejua.

Mdogo wangu alichukuliwa kwenye kizuizi cha barabarani akiwa amevaa sweta ya shule niliyomshonea kiraka kwenye kiwiko. Kila kaburi linapofukuliwa, na nguo kuoshwa na kutandazwa ili ndugu wazitambue, mimi hufika kuitafuta sweta hiyo. Mmoja wa waliosimama kwenye kizuizi kile amekwisha kutoka gerezani, na tunasalimiana. Nilipomuuliza, alijibu kwamba walikuwa wengi na giza lilikuwa limeingia. Simuulizi kwa nini, maana hakuna sababu atakayonipa ikanitosha; namuuliza ni wapi, nani alimwita kwa jina, na kama alikufa upesi.

Mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwashughulikia wakubwa, ila wanaojua mashimo yalipo ni hawa wa vijijini, nao wanazeeka kama sisi. Nawaomba wasimamizi wa magereza wamkutanishe kila mfungwa aliye tayari na familia za aliowaua, kabla siku yake ya kutoka haijafika. Anayeogopa kuwataja wenzake asiwataje; na aache hata karatasi isiyo na jina kwa kiongozi wa kijiji, inayosema ni shamba lipi na upande upi tukachimbe.

Manusura,
Kigali