Mradi wa mwaka wa nne upimwe pia na mnunuzi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na wakuu wa vitivo vya uhandisi nchini Uganda, kuanzia Makerere na Kyambogo hadi Busitema, jirani zetu hapa Busia. Somo la ujasiriamali mnalowafundisha vijana mmeliweka pasipo pake. Mwanafunzi anakaa ukumbini, anaandika mpango wa biashara wa kampuni ambayo hata yeye mwenyewe haiamini, anafanya mtihani, anapata alama zake, basi. Mwaka wa nne kijana huyohuyo anatengeneza mashine kwa ajili ya mradi wake wa mwisho. Anaulizwa kuhusu michoro, nguvu ya mota na uimara wa chuma. Atakayeinunua hatajwi.

Mimi nina karakana ya mashine za wakulima: za kupukuchua mahindi, za kukata mihogo, za kusaga karanga. Likizo ndefu napokea wanafunzi wa uhandisi wanaokuja kujifunza kazi. Ni vijana wazuri, na hesabu za shafti na pulei wanazijua kuliko mafundi wangu wote. Wanachokwama nacho ni bei.

Tuseme kijana ametengeneza mashine ya kupukuchua mahindi. Bati, vyuma, beringi, pulei na mkanda vimekula shilingi 600,000. Anataka kuiuza 700,000, na anaamini amepata faida ya laki moja. Hajahesabu umeme wa kuchomelea, wala vijiti, wala mawe ya grenda. Hajahesabu ujira wa msaidizi, kodi ya karakana, wala kile kipande cha bati kilichokatwa vibaya kikatupwa. Usafiri wa pikapu hadi kwa mkulima kule Tororo haumo. Halafu mwezi wa pili beringi inakufa, mkulima anapiga simu kwa hasira, inabidi fundi apande boda boda na beringi mpya mkononi, na safari hiyo nayo ina gharama. Ukijumlisha yote, kijana amemlipa mteja ili achukue mashine. Hakuna ukurasa wa mpango wa biashara utakaomfundisha hilo kama anavyofundishwa na mashine yake mwenyewe ikiwa na mnunuzi amesimama mbele yake.

Kuna na suala la wakati. Mkulima anaihitaji mashine mahindi yakishakauka, lakini pesa anaipata akishayauza. Ukimdai yote kwanza, hanunui. Ukimpa kwa mkopo, unabaki bila mtaji wa kununua chuma kingine. Ndiyo maana sisi tunachukua arbuni, yaani sehemu ya bei inayolipwa mapema, na kiasi cha arbuni ni uamuzi mzito kuliko watu wanavyodhani: ikiwa ndogo mteja hubadili mawazo, ikiwa kubwa anakwenda kwa jirani. Na kwa sisi wa mpakani kuna wateja wa upande wa Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa kuvusha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, ikiwa zimo kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani ya mzigo haizidi dola 2,000. Kuna mashine ndogo nyingi ambazo bei yake ni chini ya hapo. Wanafunzi ninaowauliza hawajawahi kuusikia utaratibu huo, ingawa wengine wanasoma umbali mfupi kutoka kituo cha forodha.

Kuhusu hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, nitasema kidogo tu. Sheria ya mali za viwandani tunayo tangu 2014, na mwanafunzi aijue. Lakini aende pia Katwe au Kisenyi, Kampala, aone mafundi wanavyotazama mashine ya mwenzao na kutengeneza inayofanana nayo. Huko mteja anarudi kwa mwenye spea na anayepokea simu.

Tatizo ni kwamba wahandisi wetu wanalelewa kwa imani ya kizuri chajiuza. Kwenye mashine, kizuri hakijiuzi. Tazama Matibabu, kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu, kilichombeba Brian Gitta hadi akawa Mganda wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2018. Nilijivuna siku ile na bado najivuna. Ila kifaa cha tiba, hata kiwe na tuzo, lazima kijaribiwe kwa wagonjwa, kipate idhini, kipate wa kukitengeneza kwa wingi na hospitali za kukilipia. Gari la umeme la Kiira lilitoka mikononi mwa wanafunzi na wahadhiri wa Makerere mwaka 2011, na safari ya kulifikisha kwenye kiwanda cha Jinja imechukua zaidi ya miaka kumi, serikali ikiwa nyuma yake. Kijana wa mashine ya karanga hana serikali nyuma yake. Ana mkulima mmoja, na mkulima huyo akiridhika atamleta wa pili.

Sitaki nieleweke vibaya. Simo kwenye kundi la wanaowaambia vijana "jiajirini" kisha wakaondoka. Mtu wa miaka 23, asiye na hati ya shamba ya kuweka dhamana, akikutana na riba ya benki inayokaribia asilimia 20 kwa mwaka, si mvivu akishindwa. Inaniuma kusikia wakubwa wakimlaumu jukwaani. Wala sitegemei kila mhitimu afungue karakana. Wengi wataajiriwa kwenye barabara, umeme na mafuta, na huko pia watatakiwa kuandaa bei za zabuni.

Najua mhadhiri atasema chuo si duka wala karakana. Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Wanafunzi wake 14 wa kwanza walisoma useremala, ujenzi na umekanika. Na kuna jambo jingine: mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 umeufanya Ujasiriamali kuwa somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, pamoja na Kiswahili. Watoto hao wako njiani kuja kwenu. Mtawafundisha tena maana ya mjasiriamali?

Ninachoomba ni hiki. Mradi wa mwaka wa nne uwe na mnunuzi tangu siku ya kwanza: mkulima, kinu cha unga, zahanati, shule, yeyote anayeweza kutoa arbuni hata ndogo. Siku ya kuutetea mradi, mnunuzi huyo aalikwe, aulize maswali yake kwa lugha yake, na sehemu ya alama itokane na gharama zilizoandikwa kwa ukweli, pamoja na za matengenezo. Mashine ikikataliwa, mwanafunzi asifelishwe. Aeleze kwa nini imekataliwa, na maelezo hayo yapewe alama. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, ambalo ndilo linaloidhinisha kozi, linaweza kulitaka hili wakati kozi zinapopitiwa upya.

Karakana yangu iko wazi kwa wanafunzi wawili kila likizo, chakula cha mchana juu yangu. Sharti ni moja. Kuna chuo kilichowahi kuniletea vijana, na msimamizi wao alifika kugonga muhuri tu, akaondoka. Safari ijayo mhadhiri aje siku ya kupanga bei, akae na sisi mpaka mteja aseme ndiyo au hapana.

Mtengeneza mashine za kilimo,
Busia, Uganda