Barua ya Wazi kwa Meya: Nimerudi Nyumbani na Gurudumu Moja

Mheshimiwa Meya,

YAH: VYUMA VYA KUEGESHEA BAISKELI

Nakusalimu kwa heshima zote. Hii ni barua yangu ya tatu kwako. Mbili za kwanza nilizileta kwa mkono, zikagongwa mhuri wa kupokelewa, na tangu siku hizo sijasikia lolote. Ndiyo maana hii naiandika mbele ya watu wote.

Jumanne alfajiri nilitoka zamu ya usiku nikakuta gurudumu langu la mbele limefungwa barabara kwenye chuma cha jiji. Kufuli halikuguswa. Fremu, usukani, tandiko, karia na gurudumu la nyuma havikuwepo. Mwizi hakuhitaji hata spana, maana gurudumu la mbele la baiskeli kama yangu hulegea kwa kuvuta kishikio kidogo kando ya ekseli. Alilichomoa, akaliacha, akaondoka na vilivyobaki. Nililifungua kufuli langu mwenyewe, nikatembea karibu saa mbili hadi nyumbani nimebeba gurudumu begani.

Polisi waliniambia ningefunga vizuri. Mheshimiwa, ningefunga wapi? Vyuma vile havifiki hata magotini, na vina nafasi ya kuingiza tairi la mbele, basi. Kufuli fupi la umbo la U, ambalo ndilo gumu kukatwa, haliwezi kuishika fremu na chuma kwa pamoja. Kwa hiyo unafunga gurudumu peke yake, au unatumia waya mrefu, na waya hukatwa kwa mkasi wa chuma kwa sekunde chache. Tena baiskeli ikisukumwa kidogo, ringi inapinda, kwa sababu uzito wote unaning'inia kwenye gurudumu moja.

Siku ya kuzindua njia ya baiskeli, mwaka jana, ulisema maegesho salama yatakuwa tayari kabla ya mwaka kwisha. Nilikuwepo, nikapiga makofi. Njia ni nzuri na nakushukuru. Lakini njia inanifikisha kazini tu. Baada ya hapo baiskeli inabaki peke yake gizani usiku kucha, na taa ya pale imekufa tangu mvua zilizopita. Mwaka nao umekwisha.

Nadhani vyuma hivi vilichaguliwa kwa kuwa vinaingiza baiskeli nyingi mahali padogo. Huenda aliyeviagiza hajawahi kuiacha baiskeli yake nje usiku. Nadhani pia wezi wanajua saa tunazobadilishana zamu, maana yangu ni ya tatu kupotea palepale.

Tunachohitaji hakina ufundi mkubwa. Ni bomba la chuma lililokunjwa kama tao, miguu yake yote miwili ikazikwa kwenye zege. Waingereza hulitaja kwa jina la mji wao wa Sheffield. Kimo chake ni kama sentimita 75, na kati ya tao na tao iachwe mita moja. Tao moja linatosha baiskeli mbili, moja kila upande. Fremu inaliegemea, na kufuli la U linapita kwenye fremu, gurudumu la nyuma na bomba. Nasisitiza zege, kwa sababu mguu uliofungwa kwa nati juu ya lami hufunguliwa, na mwizi akaondoka na baiskeli pamoja na kufuli lake.

Sisemi kwamba hapo tutakuwa salama kabisa. Grenda ya betri hukata hata kufuli zuri. Lakini hupiga kelele na kurusha cheche, kwa hiyo mahali ni jambo kubwa kama chuma chenyewe: matao yawekwe mbele ya mlango, chini ya taa, watu wanapopita, si nyuma ya jengo kwenye mapipa ya taka tulikowekewa sisi.

Polisi waliniuliza pia namba ya fremu, ile inayogongwa chini ya fremu, pale pedali zinapopita. Sikuwa nimeiandika. Hilo ni kosa langu, na nimewahimiza wenzangu wote wa zamu waandike namba zao na kupiga picha baiskeli zao. Japani sheria inamtaka mwenye baiskeli aisajili. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kutuambia hata tuitazame namba hiyo.

Mwaka 2019 mji wa Utrecht, Uholanzi, ulikamilisha maegesho ya baiskeli 12,500 penye stesheni yake. Siombi hayo. Baiskeli iliyoibwa bado naidaiwa malipo ya miezi minne. Zamu yangu inaanza na kuisha saa ambazo hakuna basi, kwa hiyo sasa naondoka nyumbani mapema zaidi, narudi nimechelewa, na mwanangu ananikuta nimelala kila anapotoka shule.

Naomba matao sita mbele ya lango la wafanyakazi. Kama sita ni mengi, weka mawili, yatoshe baiskeli nne. Kama hata mawili hayawezekani mwaka huu, Mheshimiwa, weka moja, uliweke kwenye zege, na taa ile iwashwe.

Wako mtiifu,
Mfanyakazi wa zamu ya usiku