Mhariri, tuandikieni na kilichomo ndani ya chupa

Mhariri, salaam.

Naandika kwa sababu ya ule ushuhuda mlioutoa wa mama aliyepona sukari kwa matone ya kanisani. Picha ya mama mmeweka, picha ya pasta mmeweka, bei nayo ipo mmeiita sadaka, ila kilichomo ndani ya chupa hamjaandika hata neno moja.

Mimi kazi yangu ni kutibu maji, huu mwaka wa 11, klorini naijua kwa pua kabla sijaiona. Mwaka juzi nilienda kumsalimia mama mdogo nikakuta mezani vichupa viwili vya plastiki, havina jina la kiwanda wala tarehe, kimoja kimeandikwa A kingine B kwa kalamu. Akanionyesha anavyofanya, matone sita ya huku, sita ya huku, anatikisa glasi, anasubiri mpaka igeuke njano ndo anajazia maji anakunywa. Ile njano ilivyotokea na harufu ikapanda, yaani nilijiona niko stoo kazini, ile ambayo hatuingii mpaka madirisha yafunguliwe. Nikamuuliza mama, unatapika? Akasema natapika mwanangu na tumbo linaendesha, pasta kasema ndo sumu inatoka. Vidonge vya sukari alikuwa ameacha wiki ya tatu.

Hayo maneno ya sumu inatoka hayajaanzia huku kwetu. Yamekuja na dawa yenyewe, inaitwa MMS, yaani sodiamu kloraiti unachanganya na asidi inatoa klorini dayoksaidi, kitu kinachotumika viwandani kung'arisha karatasi na nguo. Aliyeianzisha ni Mmarekani Jim Humble, mtafuta dhahabu, alisema aligundua inatibu malaria akiwa msituni Guyana mwaka 1996. Baadaye yeye na mwenzake Mark Grenon wakaanzisha kitu wanakiita kanisa, Genesis II, na chupa ikaitwa sakramenti. Wakasema inatibu kansa, ukimwi, usonji, na 2020 ilipokuja korona nayo wakaiongeza kwenye orodha. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilishaonya tangu 2010, ikarudia 2019, kwamba watu wanaharisha na kutapika mpaka presha inashuka vibaya, na wengine ini linafeli.

Mahakama ilipomwamuru Grenon na wanawe waache kuuza walikataa, kesi ikafika Miami, na Grenon mwenyewe alishasema waziwazi kwamba Genesis haihusiani na dini, aliianzisha ili dawa ihalalishwe na asifungwe. Kwenye nyumba yao Florida walikutwa na karibu pauni 10,000 za poda ya sodiamu kloraiti, kama tani nne na nusu hivi, na mauzo yalikuwa zaidi ya dola milioni 1. Sadaka yao ilikuwa na kiwango maalumu, usipotoa hicho chupa hupati. Oktoba 2023 Grenon akahukumiwa miaka mitano jela yeye na mwanawe mmoja, wanawe wengine wawili miezi 151 kila mmoja, zaidi ya miaka 12.

Na Afrika ilifika. Mei 2019 gazeti la Guardian la Uingereza liliripoti pasta mmoja wa Marekani alikuwa anaipitisha kwa wachungaji wa vijijini Uganda, mpaka watoto wachanga wamenyweshwa. Mtu wa kijijini atamkatalia vipi mchungaji wake? Ndo maana wanapita huko.

Najua kuna atakayeuliza, mbona nyie mnaweka klorini kwenye maji ya bomba? Ndiyo tunaweka, tunapima kila siku na tunaandika. Hiyo klorini dayoksaidi Marekani mwisho wake kwenye maji ya kunywa ni miligramu 0.8 kwa lita, na kazi yake ni kuua vijidudu kwenye maji, haina kazi yoyote na sukari iliyomo kwenye damu ya mtu. Mama mdogo alikuwa anapima kwa matone, glasi yenyewe hajui ni mililita ngapi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna namna ya kumkosoa pasta wa hivyo. Ukipona ni dawa, ukitapika ni sumu inatoka, ukizidiwa imani yako ndogo, ukifa saa yako imefika. Mimi pia ni muumini, kwaya naimba, na sioni kosa mtu kuombewa. Ila maombi hayana chupa A na chupa B. Hata kikombe cha Babu kule Samunge, Loliondo, 2011, ile dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu iliyouzwa shilingi 500, watu waliacha dawa za ukimwi wakidhani wamepona, wengine walifia kwenye foleni njiani, na sisi wenyewe pamoja na magazeti tulisimulia miujiza kwanza, maswali yakaja baadaye sana.

Kwa hiyo ombi langu, mkipata ushuhuda mwingine wa dawa ya kanisani, mwandishi aombe chupa, aandike kilichomo, aandike kama TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, wameisajili, aandike huyo mgonjwa alipimwa wapi kabla na baada. Kama pasta hataki kusema kilichomo, andikeni hivyohivyo kwamba amekataa.

Mama mdogo tulimpeleka hospitali siku ileile, alilazwa siku tisa, sukari ilikuwa imepanda na maji mwilini yameisha. Sasa hivi yupo, amerudia vidonge, kanisani bado anaenda ila lingine. Vile vichupa ninavyo mimi, nimevifunga kwenye mfuko. Kama mwandishi wenu anataka kuvipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali vikapimwe, mimi nitavileta mwenyewe ofisini kwenu.

Mtibu maji,
Morogoro