Tunafundishwa habari za uandishi, hatufundishwi kuandika

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu aliyelalamika kwamba siku hizi vijana wanamaliza chuo hawajui hata kuandika barua ya kuomba kazi. Sitambishia. Ila lawama zote katutwisha sisi, simu zetu na uvivu wetu. Mimi nasoma stashahada ya ununuzi na ugavi hapa Tanga na kozi ya uandishi nimeipitia, kwa hiyo naomba nafasi nieleze kinachofanyika humo darasani.

Muhula wa kwanza tulisomeshwa aina za aya, sifa za mwandishi bora na hatua za kuandika insha. Mhadhiri anasoma slaidi, sisi tunazipiga picha kwa simu, jioni tunakwenda steshenari kutoa kopi za madesa ya waliotutangulia. Darasa limefurika hadi wengine wanakaa madirishani. Mtihani nao ukauliza yale yale: eleza maana ya aya, taja sifa tano za barua rasmi. Ukikariri umepita. Nilipata B+, na barua sikuwa nimeandika hata moja.

Muhula wa pili tukaletewa mwalimu wa muda, mama mtu mzima aliyestaafu kufundisha sekondari. Siku ya kwanza alizima projekta akatuambia tutoe karatasi. Andikeni ukurasa mmoja juu ya kazi anayoifanya mtu wa nyumbani kwenu, kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza kitafuata. Watu wakaguna. Kozi yetu inafundishwa kwa Kiingereza, na wapo walioona tunarudishwa shule ya msingi.

Mimi niliandika kuhusu baba, aliyefanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Nikaanza kama tulivyozoeshwa: mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ni zao la biashara, huitwa dhahabu ya kijani, na kadhalika. Karatasi ikarudi na maneno ya wino mwekundu pembeni: "Hindorf namjua. Baba yako alikuwa anaamka saa ngapi?"

Ikabidi nikamuulize mwenyewe. Kumbe alikuwa kwenye korona, ile mashine inayoponda jani na kuacha singa, yaani nyuzi zake. Maji ya mkonge yanawasha. Kutwa nzima yanamrukia mikononi, na harufu ya makapi yaliyochacha inarudi naye hadi kitandani. Jioni alikuwa akila ugali na kisamvu kwa kijiko, si kwa maringo, vidole vimechubuka. Sentensi hiyo ya kijiko ndiyo mwalimu aliyoipigia mstari akaandika "endelea hapa". Nikaandika upya, akairudisha. Nikaandika tena. Katika jani la mkonge singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito, zilizobaki ni maji na makapi, na ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa hivyo hivyo.

Wapo waliojaribu kumpa akili mnemba kazi hiyo. Mwalimu hakugombana nao. Alimsimamisha mmoja akamuuliza, huyo shangazi yako kitumbua anauza shilingi ngapi? Kijana akababaika, darasa likacheka, na mchezo ukaishia hapo.

Tulipofika kwenye Kiingereza hatukuteseka kama tulivyoogopa, maana cha kusema tulikuwa nacho. Barua rasmi zikaja mwishoni. Yangu ya kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo ilikuwa na aya tatu, na haikuanza na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", maneno ambayo mpaka leo sijaona mtu anayeyahitaji. Nafasi nilipata.

Muhula huu mwalimu yule hayupo. Chuoni kwetu walimu wa muda wanalipwa kwa vipindi walivyosimama darasani. Saa za kusahihisha hakuna anayezihesabu, na yeye makaratasi yetu alikuwa akienda nayo nyumbani, yamejaa kwenye kikapu cha baiskeli. Nilipoulizia nikaambiwa mkataba umeisha. Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wamerudi kwenye slaidi, na juzi nimemkuta mmoja steshenari anatoa kopi ya madesa yale yale niliyotumia mimi.

Sisi watu wa Tanga tunajivunia Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Mahafali hayapiti bila kutajwa. Kabla hata hajazaliwa, shule ya serikali ya Wajerumani hapa mjini ilikuwa na mtambo wake wa uchapaji, na gazeti la Kiongozi lilikuwa likitoka huko. Leo chuo kizima, na kompyuta zote zile, hatuna hata ubao wa kubandikia insha nzuri ya wiki.

Alama za kazi za darasani kwetu ni 40 na za mtihani ni 60. Hizo 40 zote, katika kozi ya uandishi, zingetokana na kuandika na kuandika upya. Darasa ligawanywe, na anayesahihisha alipwe saa zake za kusahihisha. Najua watasema bajeti haitoshi. Mbona ya projekta ilitosha?

Na wenye dhamana ya mitaala wakija kukagua, wasiridhike na mpango wa masomo na daftari la mahudhurio. Waombe wapewe karatasi za wanafunzi zilizosahihishwa, kisha waangalie ni ngapi zina neno lolote la mwalimu zaidi ya alama.

Mwanafunzi wa stashahada
(Jina limehifadhiwa)
Chuda, Tanga